Mgongo Wangu, Mikono Yake

Miaka tisa niliinama mbele ya Orrin Haugland,
makalio juu, pua karibu na nyasi,
nikaushika ule mpira wenye umbo la papai changa
na kumpa kwa kuupitisha kati ya miguu yangu.
Ndiyo kazi. Mama yangu kule Pago Pago
alikufa haamini kwamba mtu hulipwa kwa hilo.

Yeye kwotabeki, mimi ukuta wake.
Magazetini picha zilikuwa zake;
mimi nilitokea pembeni, kisigino kimoja,
au namba yangu, sitini na tatu, imelala kifudifudi.
Ukiniuliza alirushaje, sijui.
Haki ya Mungu, sijui.
Nikishampa mpira, dunia yangu yote
ni kifua cha mtu wa kilo mia na arobaini
anayetaka kunikanyaga apite akamvunje.
Mpira ulipaa nyuma ya kisogo changu.
Nilihesabu moja, mbili, tatu,
nikasubiri watu elfu sitini waniambie.
Wakinguruma, tumepata.
Wakinyamaza, umedakwa na wasio wetu.

Nilichokijua ni mikono.
Vidole virefu, vya baridi kama funguo za Desemba,
vidole vya mtoto aliyeng'oa viazisukari Minnesota.
Alivipuliza kwanza kabla ya kunigusa, kwa adabu.
Akiogopa, gumba lilibonyeza zaidi.
Nilijua usiku aliofiwa na baba yake.
Nilijua kabla ya daktari kwamba bega limekwisha:
mkono wa kulia ulianza kuchelewa,
kama mgeni aliyekuja kuaga tu.

Kisha Akron, theluji, sekunde ishirini na nne,
na ule ukimya.
Waliokuwa wamewapa watoto wao jina lake
walichoma jezi yake kwenye maegesho ya magari.
Shukrani ya punda, wahenga hawakukosea.
Msimu uliofuata wakaniletea kijana wa Texas
anayetafuna ubani, mwenye mikono ya moto.
Sikuizoea.

Orrin akafungua mkahawa wa nyama; ukafungwa.
Akauza bima. Akauza mashine za kukatia nyasi.
Akasaini picha kwenye ufunguzi wa kituo cha mafuta,
watu kumi na mmoja, wawili wakiwa wamepotea njia.
Akafundisha wavulana wa sekondari, na hapo, Ardis anasema,
ndipo alipokuwa na furaha,
mpaka siku alipowapanga uwanjani
akamsubiri mtu aliyekufa aje kuudaka.

Alipigwa kichwa mara ngapi? Hatukuhesabu.
Tulihesabu yadi.

Sasa kila Alhamisi naendesha gari saa tatu kwenda kwake.
Ananiita fundi bomba.
Mara ya kwanza nilitoka nje nikalia kwenye gari.
Mara ya pili nilikuja na spana.

Wiki iliyopita nilikuwa chini ya sinki,
nimeinama, na magoti yangu ya miaka sitini na nane
yakilalamika kwa Kisamoa,
nikasikia nyuma yangu mtu akipuliza vidole.
Mara mbili. Kwa adabu.
Kisha ile sauti, ambayo Ardis hajaisikia mwaka mzima,
ikatoka nzima, haina kutu:
"Bluu, arobaini! Bluu, arobaini!"

Mikono ikafika. Ya baridi.
Gumba halikubonyeza.

Nilitafuta karibu yangu, nikapata limau,
nikampa kwa njia yetu.

Sikugeuka. Mazoea ni ngozi.
Niliukazia macho ukuta wa vigae,
moja, mbili, tatu,
sebuleni kikavunjika kitu cha kioo,
kukawa kimya
ambacho nakijua,
halafu Ardis akacheka,
Ardis peke yake, kama uwanja mzima.